SHAURI KABLA YA JIWE: KUPANGA UJENZI KWA PAMOJA KATIKA HISTORIA YETU

Mtu anapoitazama nyumba iliyokamilika huona kuta, paa na milango. Haoni siku zilizohesabiwa kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, wala haoni baraza walipoketi mafundi na mwenye nyumba wakakubaliana nani aanze, nani afuate, na kazi ipi isubiri mpaka nyingine ikauke. Hayo hayabaki ukutani. Lakini pasipo hayo hakuna ukuta unaosimama. Makala haya yanakusudia kuieleza historia ya kazi hiyo isiyoonekana, yaani kazi ya kupanga ujenzi kwa shauri la pamoja, kama ilivyofanyika katika pwani na bara ya nchi yetu tangu kale hadi wakati wa reli kubwa ya miaka ya 1970.

Jambo hili lafaa kuchunguzwa kwa sababu tumezoea kuuhesabu utamaduni kuwa ni ngoma, mavazi, vyakula na lugha, na majengo tukayahesabu kuwa ni mawe tu. Hali mpangilio wa kazi nao ni urithi. Hufundishwa, hukumbukwa, na huweza kusahauliwa. Tena ndani yake limo swali kubwa lisilokwepeka: ni nani mwenye haki ya kupanga, na ni nani apangiwaye?

NYUMBA YA MITI NA UDONGO

Tuanze na nyumba iliyo ya kawaida kuliko zote. Wageni wengi walioandika habari zetu zamani za ukoloni waliiona nyumba ya miti na udongo kuwa ni kitu chepesi kisichohitaji elimu. Walikosea. Tukizifuata hatua zake moja moja tutaona jinsi zilivyofungamana.

Kwanza husimamishwa nguzo, kisha hupitishwa fito na kufungwa kwa kamba. Baada ya hapo mtu asiyejua hudhani kwamba utafuata udongo. Sivyo. Hufuata paa: mtambaapanya, kombamoyo, pau, na juu yake makuti au nyasi. Udongo huja baada ya nyumba kwisha kuezekwa. Sababu ni mbili. Uzito wa paa huzikalisha nguzo mahali pake kabla ya kuta kujazwa, hivyo ufa haupati nafasi ya kutokea mapema. Tena udongo mbichi chini ya paa hukauka polepole kivulini, na mvua ya ghafla haiwezi kuuosha. Kuta zikishajazwa huachwa zikauke, kisha hutomewa kwa vijiwe mahali palipoachana, na mwisho hukandikwa. Mwenye kukandika leo ukuta uliojazwa jana atarudia kazi yake mwezi ujao.

Mpango huo haukuhusu miti na udongo peke yake. Uliwahusu watu. Kwa kuwa kazi ya udongo yataka mikono mingi kwa siku moja, mwenye nyumba alipaswa kuwaita jirani zake. Vijana wakanyage udongo, wengine wachote maji, wengine wajaze kuta, na jikoni kupikwe chakula cha wote. Basi hakuweza kuwaita kabla ya mavuno, kwani hana cha kuwalisha. Wala hakuweza kungoja mpaka mvua za kupandia zikaribie, kwani wakati huo kila mtu yu shambani kwake. Ilimpasa pia kuchagua siku ambazo maji hayako mbali, maana udongo hunywa maji mengi. Nafasi iliyobaki katika mwaka ilikuwa nyembamba, na kaya nyingi ziliigombania. Kwa hiyo mwenye nyumba hakupanga peke yake. Alikwenda kwa wazee na jirani akauliza nani mwingine ajenga mwaka huu, wakapeana zamu. Ratiba ya mtu mmoja ilikuwa ni sehemu ya ratiba ya kijiji.

Katika Upare na Usambara kazi ya namna hii hujulikana kwa jina la msaragambo, na jina hilo limeingia katika Kiswahili cha taifa. Upareni msaragambo haukujenga nyumba peke yake, bali ulitunza pia ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ili yafunguliwe na kugawanywa kwa mifereji mpaka mashambani. Kuta za ndiva huzibwa na mifereji huzibuliwa kabla ya maji kuhitajiwa, si baada yake. Kila mwenye zamu ya maji alikuwa na wajibu wa kufika kazini, na asiyefika bila ya udhuru alitozwa faini. Waswahili wasemapo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, wanakumbuka desturi kama hizo za mwito wa wote kwa kazi ya wote. Lakini tusisahau kwamba mbiu ilipigwa baada ya shauri. Watu waliitika kwa kuwa siku yenyewe walishaijua.

NYUMBA YA MAWE

Sasa tuelekee pwani. Katika miji ya Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, ujenzi wa mawe ulikwisha kukomaa karne nyingi zilizopita. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 mji huo ulikuwa na fahari kubwa, na mwanzoni mwa karne hiyo ya 14 lilianza kujengwa jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari. Kwa ukubwa jumba hilo halikuwa na mfano katika pwani yetu. Hata hivyo wataalamu wa mambo ya kale walipolichimba katika miaka ya 1960 waliona dalili kwamba halikukamilishwa lote, nalo halikukaliwa kwa muda mrefu. Hata sultani mwenye dhahabu hakuweza kuushinda muda.

Muda wenyewe uliamuliwa na mambo ambayo hayakuwa mikononi mwa fundi. La kwanza lilikuwa bahari. Kwa mihrabu, miimo ya milango na zidaka, mafundi walitumia matumbawe yaliyokatwa yangali hai majini. Tumbawe bichi ni laini, huchongeka kwa urahisi, nalo likishakauka huwa gumu. Lakini kulifikia kunahitaji maji kupwa sana, na hayo hupatikana wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mkataji aliyekosa bamvua moja alingoja kiasi cha wiki mbili nyingine. Na mchongaji naye alipaswa awe tayari jiwe linapofika, kwani likikauka mikononi mwake asiyekuwa tayari, patasi yake haina kazi tena.

La pili lilikuwa upepo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na sehemu iliyosifika kwa boriti hizo ni delta ya Rufiji. Boriti hupimwa kwa kiasi inachoweza kustahimili, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba, kiasi cha meta mbili na nusu hadi tatu kwa upana, ingawa urefu wake waweza kuwa mkubwa. Jahazi zilizozibeba zilikwenda kwa majira ya kaskazi na kusi, na zilishindaniwa na wafanyabiashara waliozipeleka boriti hizo hizo Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mwenye kujenga Unguja au Lamu ilimlazimu aagize boriti zake mapema, kabla kuta hazijafikia kimo cha dari.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, lilikuwa chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yakachomwa mpaka yakageuka, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa. Chokaa bora haikutumiwa siku ile ile. Iliachwa miezi kadhaa ipevuke. Na hata baada ya kuingia ukutani haikuharakishwa. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa kidogo kidogo. Ukuta ulipandishwa kwa kimo fulani, ukapumzishwa, kisha ukapandishwa tena. Fundi mwashi aliyejua kazi yake aliweza kuhesabu kurudi nyuma: ili dari ipigwe kabla ya masika, boriti zifike wakati fulani, ili boriti zikute ukuta tayari, chokaa ichomwe miezi kadhaa kabla, ili chokaa ichomwe, kuni na mawe yakusanywe katika bamvua za mwaka uliotangulia.

Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu watu wa pwani walikuwa na kalenda mbili. Mwezi uliwaambia habari za maji kujaa na kupwa. Na mwaka wa jua, unaoanzia siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, uliwaambia habari za pepo na mvua. Baharia, mkulima na mwashi walisoma kalenda moja. Kwa hiyo walipokaa barazani kupatana, walielewana pasipo karatasi.

Kilele cha kazi kilikuwa kupiga sakafu. Juu ya boriti na mawe yaliyolazwa hutandazwa tabaka nene la chokaa na kokoto, nalo hupigwa kwa fimbo au vibao bila ya kukatizwa, siku hata siku, mpaka likashikamana. Watu walijipanga safu, wakapiga kwa pamoja, na nyimbo ndizo zilizoshika mwendo. Katika kazi hii wimbo haukuwa pambo. Aliyepiga nje ya mwendo aliacha mahali pasiposhindiliwa, na hapo ndipo maji yangepenyea wakati wa masika.

WALIOKUWA NJE YA SHAURI

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Mikono mingi iliyopiga sakafu na kubeba mawe katika karne ya 19 ilikuwa ya watumwa. Wao hawakuketi barazani. Hawakuulizwa kama kuni zinatosha, wala kama siku za kazi zimezidi. Wimbo ulikuwa wao. Mpango haukuwa wao. Utumwa ulipigwa marufuku kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, lakini serikali za kikoloni zenyewe ziliendelea kuwatoza watu kazi ya lazima katika barabara na mashamba. Mbiu ilipigwa, watu wakaenda, na hapakuwa na shauri lolote lililotangulia.

Yafaa tuitofautishe kazi ya pamoja na kazi ya kukusanywa. Kwa mtazamaji wa mbali zote mbili ni kundi la watu wakibeba mawe. Tofauti yake haimo mikononi; imo katika swali la nani aliyejua siku ya kuanza, sababu ya kuanza siku hiyo, na haki ya kusema kwamba siku hiyo haifai.

RELI YA UHURU

Tuje sasa kwenye kazi kubwa ya ujenzi iliyofanywa na taifa letu pamoja na jirani na rafiki zake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia kupitishia shaba yake kuelekea kusini iliingia hatarini. Benki ya Dunia ilikwisha kukataa kuunga mkono reli ya kuelekea Dar es Salaam. Tarehe 5 Septemba 1967, huko Beijing, China, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kuijenga, na China ikatoa mkopo usio na riba. Baada ya upimaji wa njia, ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970.

Reli hiyo ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Njiani ina madaraja 320 na mahandaki 22. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufuata mstari mmoja kama uzi unavyofuata sindano. Lau wajenzi wangengoja pau za reli zifike mlimani ndipo waanze kutoboa mahandaki, vijana walioanza kazi hiyo wangezeekea njiani. Kwa hiyo kambi zilipangwa kandokando ya njia, vikundi vikatangulia mbele kuchimba, kujaza tuta na kujenga madaraja, na watandazaji wa reli wakaja nyuma yao. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, na ambako ndiko yaliko mahandaki mengi. Huko kazi ilianza mapema kwa sababu ilijulikana kwamba ndiyo itakayoamua siku ya mwisho. Huo ndio msingi wa kupanga: si kuanza na lililo karibu, bali kuanza na lile ambalo likichelewa mengine yote huchelewa.

Fedha nazo zilikuwa na ratiba yake. Sehemu ya gharama za hapa nchini, pamoja na mishahara ya wafanyakazi, ilipatikana kwa kuuza madukani bidhaa zilizoletwa kutoka China kwa mkopo. Hivyo kati ya nguo na vyombo vilivyonunuliwa mjini na koleo lililochimba tuta kulikuwa na uhusiano ambao mnunuzi huenda hakuufikiri.

Wafanyakazi wa Tanzania na Zambia walifikia makumi ya maelfu, wengi wao wakiwa vijana waliotoka katika wilaya mbalimbali na kusema lugha mbalimbali. Wataalamu wa China nao walikuja kwa maelfu. Wakalimani hawakutosha kila kikundi. Palipokosekana neno, kazi ilifundishwa kwa vitendo: mmoja aonyesha, mwingine afuata, kisha afuataye amwonyeshe wa tatu. Kidogo kidogo vikundi vilipewa sehemu zao na kazi ya kutimiza kwa muda uliowekwa. Reli ilifika Tunduma Agosti 1973, ikafika Kapiri Mposhi Juni 1975, kabla ya muda uliokusudiwa, na ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na Waafrika pia walipoteza maisha yao. Makaburi ya baadhi ya Wachina hao yako Gongo la Mboto.

Je, reli ile ilijengwa kwa shauri au kwa amri? Jibu la haki ni kwamba yote mawili yalikuwapo. Njia, madaraja na tarehe kubwa zilipangwa na wahandisi na serikali. Kibarua wa Mlimba hakuulizwa habari hizo. Nidhamu ilikuwa kali na saa za kazi zilikuwa nyingi. Lakini vijana wengi walijua kwa nini reli ile yajengwa, na lengo la kikundi chao lilikuwa wazi mbele ya macho yao. Katika miaka hiyo hiyo, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisema kwamba maendeleo ya wananchi yatakuwa yao endapo watashiriki katika kuyafikiri, kuyapanga na kuyatekeleza. Maneno hayo matatu yana utaratibu wake. Kutekeleza ni la mwisho.

MPANGO USIO NA SIKIO

Si kila mahali utaratibu huo ulifuatwa. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 uhamishaji wa watu uliendeshwa kwa kasi kubwa. Katika baadhi ya mahali watu waliondolewa makwao kabla nyumba mpya hazijasimama, na majira hayakuulizwa. Tumekwisha kuona kwamba hata nyumba ya miti na udongo yataka nafasi yake katika mwaka, baada ya mavuno na kabla ya kulima. Wazee wa vijiji walizijua hesabu hizo. Palipokosekana sikio la kuwasikiliza, lengo lililokuwa jema, la shule, maji na zahanati karibu na watu, lilibebeshwa mzigo wa machungu ambayo hayakuwa ya lazima.

Wala hili si la kwetu peke yetu. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, wataalamu Glenn Ballard na Greg Howell walichunguza miradi ya ujenzi na kuona kwamba katika kazi zilizopangwa kukamilika kila juma, zilizokamilika zilikuwa kiasi cha nusu tu. Dawa waliyoipendekeza ni kwamba wasimamizi wa vikundi vyenyewe, waashi, mafundi bomba na mafundi seremala, wakae pamoja, waanze na siku ya mwisho, wahesabu kurudi nyuma, na kila mmoja aahidi lile tu analojua kwamba njia yake imekwisha kusafishwa na aliyemtangulia. Mzee wa pwani angewasikia, angetikisa kichwa kwa kukubali. Tofauti ni kwamba wao waliliandika, wakalipa jina na kulifundisha vyuoni. Sisi tuliliacha barazani.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Miji yetu ya mawe ingalipo: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Lakini kuta zake mara nyingi zimezibwa kwa saruji, kwa kuwa saruji hukaza upesi na chokaa hutaka subira. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na ukuta huo huoza polepole nyuma ya sura nzuri. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Ajali hiyo yatukumbusha kwamba jengo la kale si kitu cha kutazamwa tu; ni kazi isiyokwisha, yenye majira na zamu zake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa nako kuna wakati wake, na wapo wanaoujua wakati huo. Wengi wao ni wazee, na hawaandiki.

Kwa hiyo yapo mambo mawili yatupasayo. La kwanza ni kuwaendea wachomaji wa chokaa, wakata boriti, waashi na waezekaji waliobaki, tuyaandike si majina ya zana zao tu bali utaratibu wa kazi zao: lipi hutangulia, lipi husubiri, kwa siku ngapi na kwa sababu gani. La pili ni kuirudisha desturi ya baraza mahali pa ujenzi. Mwezi Septemba 2024, huko Beijing, China, Tanzania na Zambia zilitia sahihi hati ya maelewano juu ya kuifufua ile reli ya miaka ya 1970. Kazi hiyo na nyingine zitakazofuata zitakuwa na wahandisi, mashine na ratiba zilizochapwa vizuri. Hayo yote ni mema. Lakini ratiba ni ahadi, na ahadi haiwezi kutolewa kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Yule atakayeshika koleo hana budi awepo siku ya kupanga, aulizwe, na jibu lake lihesabiwe.